Majani Yanayokunywa Sauti

Kwenye ukingo wa Bagira, pale mji wa Bukavu unapochoka kupanda na mashamba ya Kabare yanaupokea mlima, dispansari ya masista ilikuwa na chumba kimoja kidogo chenye kunuka asidi ya batri. Ndani ya chumba hicho alikaa Papa Télesphore. Serikali ilipokataza majina ya Wazungu, yeye naye aliandikwa Citoyen Mushagalusa kwenye kadi ya chama. Lakini Mungu, masista na jirani yake Maman Adélaïde waliendelea kumwita Télesphore, na hao watatu ndio aliokuwa akiwaitika upesi.

Kazi yake ilikuwa foni, ile redio ya kuitana kituo na kituo. Kila siku saa moja asubuhi alivaa koti, hata kama joto linachoma, akakaa wima, akabonyeza kitufe na kuita vituo vitatu vya afya: viwili vya kando ya ziwa, na kimoja kule ng'ambo, Idjwi ya kusini. Siku moja Maman Adélaïde alimuuliza lile koti ni la nini, kwa kuwa watu wa Idjwi hawamuoni. Akajibu kwamba sauti ya mtu mwenye koti haifanani na sauti ya mtu mwenye singleti. Maman Adélaïde akasema basi ni heri hakuna foni nyumbani kwake, maana asubuhi yeye husalimia watu akiwa na kitenge kimoja tu.

Mwenye kuitika Idjwi alikuwa Delphine, binti yake wa pekee, mzalishaji wa kituo. Kwa kuwa vituo vyote vilikuwa vinasikiliza, na labda watu wa usalama wenye miwani myeusi pia, baba na mtoto walizungumza kama karani na karani. Yeye anasema citoyenne, binti anasema citoyen. Wanahesabu kinini, wanahesabu chanjo. Mwishoni kabisa, kabla ya kufunga, Delphine alikuwa anashusha sauti na kusema, "Bonjour, papa." Kwa ajili ya maneno hayo mawili Télesphore alikuwa anavaa koti.

Mwezi wa tano Delphine alituma kikapu cha mananasi kwa mtumbwi, na chini ya mananasi barua. Alikuwa na mimba. Hiyo ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza ziliishia vibaya, na daktari alikuwa amemwambia waziwazi: ya tatu itazaliwa kwa kisu, hospitalini, au haitazaliwa. Mwenye kumbadilisha kazini angefika mwaka mpya. Kwa hiyo Delphine alipanga kuvuka juma la kwanza la Januari, siku zikiwa bado zinabaki. Uchungu ukija mapema, ataita kwa foni, na bwato la masista lenye motere litakwenda kumchukua. Kwa motere ni mwendo wa saa tatu. Kwa mtumbwi wa kasia ni siku nzima, kama ziwa linakubali.

Basi uhai wa mtoto ule, na pengine wa mama yake, ulikuwa umening'inia kwenye sauti. Na sauti ilikuwa imeanza kupotea.

Ilianza mvua za mwaka uliotangulia. Siku nyingine Idjwi inasikika kama iko nyuma ya mlango. Siku nyingine inasikika kama mtu anayezungumza na uji mdomoni. Siku nyingine ni "shhhh" tu, kama mafuta kwenye kikaango. Kwanza wakalaumu batri, wakabadilisha batri. Kisha wakalaumu chombo, wakakipeleka kwa fundi, kikarudi na skrubu moja pungufu. Mwisho wakalaumu masikio ya Papa Télesphore. Sista mkuu mwenyewe alimlaza kwenye benchi ya wagonjwa, akamtia mafuta ya moto kila upande, na kwa siku mbili muzee huyo alikuwa anasikia hata mchwa wakitafuna dari. Idjwi tu ndiyo hakuisikia.

Mwezi wa sita akapita Isidore, fundi wa kule Lwiro, kijana mpole ambaye kazi yake ni kusikiliza ardhi ikitetemeka. Alikuja kutibiwa jipu, akabaki kwa ajili ya foni. Hakufungua chombo. Aliuliza jambo moja tu: sauti inapotea siku gani? Télesphore akafungua daftari lake. Inapotea mvua ikinyesha usiku. Inarudi kidogo alasiri, jua likipiga. Kiangazi ni afadhali. Na mwaka huu ni mbaya kuliko mwaka uliopita. Isidore akasimama dirishani. Kati ya antene na ziwa, upande wa Idjwi, ilisimama mikaratusi kumi na miwili ya Maman Adélaïde, mirefu kuliko mnara wa kanisa, inatikisa vichwa.

"Papa, chombo iko muzima," akasema. "Ni ile miti inakunywa sauti yako."

Télesphore akamtazama kama mtu anayetazama jipu limepanda kichwani. Isidore akamweleza polepole. Jani, alisema, ni mfuko mdogo wa maji. Sauti ikitoka Idjwi inapita juu ya ziwa bila shida, halafu inafika kwenye majani, na kila jani linachukua kidogo na kutupa kidogo pembeni. Ni kama mtu anayekatiza shamba la nyasi ndefu asubuhi yenye umande: anaingia amebeba moto wa kuwashia jiko, anatoka amebeba kijiti kilicholowa. Mvua ikinyesha, jani lina maji ndani na maji juu. Miti ikikua, shamba linarefuka.

Télesphore akauliza mbona Kinshasa anaisikia kwenye transista yake hata mvua ikipiga, na Kinshasa ni mbali kushinda Idjwi. Isidore akacheka. Wimbi la Kinshasa ni refu, akasema, linarukia mbinguni na kuanguka hapa, halijui miti. La foni hii ni fupi sana, linatembea moja kwa moja na kwa adabu, kama kijana anayekwenda kuposa, na kila jani linamsimamisha kumuuliza habari za nyumbani.

Jioni ile ile Télesphore alivuka ua kwenda kwa Maman Adélaïde. Alivaa koti.

Maman Adélaïde alikuwa mjane, mwenye meno machache na maneno mengi. Marehemu mume wake alikuwa amempa chefu ng'ombe ili lile parsele la ardhi liwe lao kabisa, wao na uzao wao. Jambo hilo Washi, wenyeji wa huku, wanaliita kalinzi. Halikuandikwa popote. Lilifanyika mbele ya mashahidi. Mashahidi walikuwa wamekufa, na ng'ombe aliliwa na mashahidi. Marcellin, mdogo wa marehemu, alikuwa anasema parsele lilikopeshwa tu, kwa kulima maharagwe, na sasa lirudi kwa ukoo. Lakini mwenye kukopeshwa ardhi hapandi mti. Anapanda maharagwe, anapanda mihogo, anavuna, anaondoka. Mti anapanda mwenye ardhi peke yake. Na pale kulikuwa na miti kumi na miwili.

Alimsikiliza Télesphore mpaka mwisho, akachochea moto.

"Hii miti njo karatasi yangu," akasema. "Papa Télesphore, wewe unaweza kuambia mutu achome karatasi ya nyumba yake juu wewe upate kuona mbali?"

Hakusema kwa hasira. Yeye naye alikuwa amemlea Delphine, alikuwa amemfunga mgongoni mama wa mtoto alipokufa. Wakatazama moto wote wawili, kama moto ndiye juge wa kuwaamua. Mwisho Télesphore akapata njia. Wakate vichwa, miguu ibaki. Shina lililosimama ni mti, hata kama halina jani.

"Miguu ibakie mirefu," Maman Adélaïde akamwonya. "Juge akikuja mulevi, apige kichwa, ajue kama kuko muti."

Mwezi wa saba watu wawili wenye msumeno wakakata mikaratusi yote sawasawa na ukingo wa paa la dispansari. Kesho yake saa moja asubuhi sauti ya Idjwi iliingia chumbani kama mtu aliyevua viatu. Télesphore alimsikia Delphine akimeza mate. Alimsikia kuku wa kituo akitangaza yai. Maman Adélaïde aliitwa asikilize, akainamia chombo, akamuuliza Delphine kama tumbo ni la mbele au la pembeni, na vituo vyote vitatu vikasikia jibu.

Ilidumu mpaka mwisho wa mwezi wa tisa.

Sasa hapa mtu mwenye moyo wa kucheka na acheke. Hakuna Mushi asiyejua mkaratusi ukikatwa unafanya nini. Ndiyo sababu anaupanda: leo anakata mbao, kesho mti umesahau, unaota upya. Télesphore alilijua hilo tangu utotoni. Maman Adélaïde aliishi kwa makaa ya mikaratusi iliyoota upya. Wale wenye msumeno walikuwa hawana kazi nyingine maisha yao yote. Wote walijua kwa ajili ya kuni, na hakuna hata mmoja aliyejua kwa ajili ya majani. Mvua ya kwanza ilipoanguka, kila shina likatoa machipukizi kumi, mengine kumi na tano, na majani ya utoto ya mkaratusi si yale membamba ya ukubwani; ni mapana, mazito, kama masikio ya mbuzi. Mwezi wa kumi na moja kulikuwa na ukuta. Na ukuta huo haukuwa juu sana wala chini sana. Ulikuwa sawasawa na antene.

Télesphore alinoa mupanga. Lakini Marcellin alikuwa amemtangulia. Alikwenda kwenye baraza la chefu akasema: oneni, mjane anauza miti, anajua ardhi si yake, anakula haraka kabla ya kufukuzwa. Baraza likatoa amri. Mpaka wazee watakapokuja kukagua, mwezi wa kwanza, mtu asiguse hata jani moja. Likikatwa, mjane amekubali kwamba parsele si lake.

Télesphore alizunguka kama kuku mwenye yai. Aliomba bomba la chuma ili ainue antene juu ya majani. Sista mkuu akaandika Ulaya, na Ulaya wakajibu kwamba bomba liko njiani, na njia hiyo ilipita bandari ya Matadi, upande wa pili wa nchi. Alitaka kubeba chombo na batri mpaka kilima kingine. Lakini ruhusa ya serikali ilikuwa na namba ya parsele la dispansari, na mtu aliyeonekana akitembea na foni mgongoni, siku zile, alikuwa anaulizwa maswali kwenye chumba kisicho na dirisha. Aliandika barua kwa Delphine: vuka mapema. Delphine akajibu, kwa mananasi mengine, kwamba ana wanawake saba wanaokaribia kuzaa na hakuna mwenye kuwapokea. Angekuja Januari. Papa asihangaike.

Juma la pili la Desemba mvua ilinyesha usiku kucha. Saa moja asubuhi Télesphore alivaa koti, akaita vituo viwili, vikaitika. Akaita Idjwi. Shhhh. Akaandika kwenye daftari: mvua, hakuna. Alikuwa ameshainua mkono kuzima, ndipo akasikia kwamba ile "shhhh" haikuwa sawa. Ilikuwa inakatika. Inanyamaza kidogo, inarudi. Inanyamaza, inarudi. Mtu alikuwa anabonyeza kitufe ng'ambo ya ziwa; maneno yake yalikuwa yamenyweka yote, na kilichofika ni kule kubonyeza tu.

Chombo cha dispansari kilikuwa na nguvu mara tano kushinda kile cha Idjwi. Pengine yeye anasikika. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Kama ni wewe, Delphine, bonyeza mara mbili."

Ile "shhhh" ikakatika mara mbili.

"Ni uchungu?"

Mara mbili.

"Tangu jana?"

Mara mbili. Télesphore akasikia jasho likishuka ndani ya koti. Usiku kucha mtoto wake alikuwa ameita, na yeye alikuwa kitandani anasifu mvua kwa sababu ya mihogo.

"Nitume bwato?"

Ikakatika mara mbili, mara tatu, mara nne, mpaka hakuweza kuhesabu.

Hakuweza kuacha chombo. Alitoa kichwa dirishani akamwita Maman Adélaïde, akamwambia kwa maneno matano. Yule mama, ambaye kwenda kanisani tu alikuwa anapumzika mara tatu, alifunga kitenge kiunoni akateremka mlima kwenye matope, peku, mpaka ziwani, akamtoa Évariste, mwenye kuendesha bwato la masista, mezani na chai yake mkononi. Saa tatu kasoro robo motere ikalia. Watu walisema baadaye kwamba aliteleza nusu ya njia akiwa amekaa, na yeye mwenyewe alisema kwamba hiyo ndiyo sababu aliwahi.

Aliporudi, maji yalikuwa yanamtiririka kila mahali. Télesphore alikuwa bado anauliza na bado anajibiwa: maji yametoka, ndiyo, damu, ndiyo, muuguzi, yule infirmier msaidizi, yuko karibu, ndiyo. Halafu wingu jingine likafika kutoka ziwani, mvua ikaangukia mikaratusi kwa kishindo, na ile "shhhh" ikawa moja, ndefu, bila kovu.

"Delphine. Bonyeza."

Hakuna.

"Bonyeza, mama yangu."

Maman Adélaïde alisimama mlangoni. Alitazama chombo, akatazama miti yake.

"Kata," akasema.

Télesphore hakuinuka kwenda kukata. Mtu akitaka kumwita mwema kwa hilo, amwite. Ukweli ni kwamba hakuweza kuachia kitufe. Miti ilikuwa kumi na miwili, machipukizi mia na zaidi, kazi ya watu wawili kutwa nzima, na bwato lilihitaji saa tatu tu. Maman Adélaïde akachukua mupanga pembeni ya mlango, akaenda mwenyewe. Aliburuta ngazi ya masista. Alikata mti mmoja, ule wa katikati, akipiga na kupumzika, akipiga na kupumzika, mpaka shina likabaki uchi. Akarudi dirishani, majani yamemganda kichwani.

"Unasikia?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Alikuwa anarudi kwa mti wa pili alipoona mwavuli barabarani. Marcellin alikuwa amesimama chini yake. Alihesabu kwa kidole, taratibu, mpaka kumi na moja, akaruka ule mmoja, akaenda zake bila kusalimia. Maman Adélaïde alikaa chini ya ngazi. Mvua ilikuwa inampiga na yeye hakuinuka.

Ndani, Télesphore aliendelea kuzungumza. Hakuwa na kitu kingine cha kufanya. Alisema bwato limeshafika kwenye kona ya kisiwa, na halikuwa limefika hata nusu ya njia. Alisema Évariste amebeba blanketi, na hakujua. Alipomaliza uongo, akasema ya kweli: mama yako alikuzaa katikati ya mahindi, akarudi nyumbani amekubeba, akaniuliza mbona sijapika. Akasema, nilitaka mvulana siku ile, halafu ukanishika kidole. Kila baada ya maneno machache alisema bonyeza, akanyamaza, akasikiliza. Shhhh. Vituo vile viwili vingine vilikuwa vinasikia yote, na havikuthubutu kuingia. Mwisho akasema, kwa sauti ya kubembeleza mtoto, "Kama umelala, lala basi. Papa iko hapa."

Alasiri mvua ilikatika. Jua likapiga majani, majani yakatoa mvuke, na saa tisa hivi sauti ya Idjwi ikaingia chumbani safi kabisa. Ilikuwa ya mfagiaji wa kituo, msichana asiyejua namna ya kusema kwa foni. Alisema bwato limeondoka zamani, limewachukua maman Delphine na infirmier. Télesphore akauliza mtoto. Msichana akasema bwato limeondoka. Kwenye foni hawasemi kifo, wanajua vituo vyote vinasikiliza. Nyuma ya sauti yake Télesphore alimsikia yule kuku. Aliweza kusikia kila kitu cha Idjwi sasa, na mtoto wake alikuwa katikati ya maji, kwenye bwato lisilo na foni.

Akateremka ziwani. Bwato lilipofika hakusubiri kamba, aliingia majini na viatu. Infirmier msaidizi alikuwa mbele, amepakata furushi la shuka la kituo, dogo, limefunikwa mpaka juu, naye alikuwa anatazama pembeni. Delphine alikuwa amelala juu ya godoro, rangi imemtoka kama majivu, macho wazi. Alikuwa hai. Télesphore akamshika kichwa. Alitafuta neno la kusema, akapata lile la kipumbavu kuliko yote.

"Nilifikiri umelala."

"Nilikuwa najibu, papa," Delphine akasema. "Kila mara."

Akamwonyesha kidole gumba. Kilikuwa kimevimba, na katikati ya nyama kulikuwa na alama ya kitufe, duara, nyeupe, imezama.